Je, Wajua? Kioo cheusi, kafuri na mng'ao wa gari

Gari jeusi lililolowa huakisi mwanga kidogo kuliko lilipokuwa kavu, ingawa jicho litakuapia kinyume chake. Hesabu yake ni fupi. Rangi ya gari iliyolainika vizuri, ikipigwa na mwanga unaoshuka wima, hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga huo. Maji hurudisha asilimia 2 tu, na mpaka kati ya maji na rangi huongeza kiasi kisichofika nusu asilimia. Ukimwagia boneti ndoo ya maji umepunguza mwanga unaorudi, lakini boneti inakuwa nyeusi tii na mteja anatabasamu. Maji yamejaza mikwaruzo. Mwanga uliokuwa ukitawanyika ovyo sasa unarudi upande mmoja, na weusi wa chini unaonekana bila utusitusi. Kitambaa cha kukaushia kikishapita, mikwaruzo iko palepale.

Ndiyo maana biashara ya kupiga polishi imejaa ubishi. Mng'ao hautegemei sana wingi wa mwanga unaorudi. Unategemea nidhamu ya mwanga huo. Na nidhamu ni ngumu kuipima.

Je, wajua kwamba alama 100 za mng'ao ni kipande cha kioo cheusi?

Kipima mng'ao ni kisanduku cha kushika mkononi kinacholazwa juu ya boneti. Ndani yake kuna taa upande mmoja na kipokezi upande wa pili, vyote vimeelekezwa kwenye doa moja kwa pembe ileile: taa inashusha mwanga, kipokezi kinaungoja unaporuka. Jibu hutoka kwa yuniti za mng'ao. Viwango viwili vinavyotumika zaidi duniani, ISO 2813 na ASTM D523, vinalinganisha kila kitu na kioo cheusi kilicholainishwa barabara, chenye kipeo cha mpindo wa mwanga cha 1.567. Kioo hicho kimepewa alama 100. Kimefanywa cheusi ili mwanga unaopenya ndani umezwe humohumo, kinachosomwa kiwe kazi ya uso peke yake.

Wengi wakiona 100 wanadhani ni asilimia. Sivyo. Kwenye pembe ya nyuzi 20 kioo hicho hurudisha asilimia 4.9 tu ya mwanga. Kwenye nyuzi 60, asilimia 10. Kwenye nyuzi 85, karibu asilimia 62. Ndiyo sababu kioo cha kujitazamia, kinachorudisha karibu mwanga wote, kinaweza kusoma karibu 2,000 kwenye nyuzi 20 na karibu 1,000 kwenye nyuzi 60. Tangazo linalodai gari limefikia "mng'ao wa asilimia 96" limesoma namba sawasawa na kuitafsiri vibaya.

Kuna jambo jingine ambalo wauza polishi hawalitaji. Klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi kwenye magari ya kisasa, ina kipeo chake cha mpindo, nacho kwa resini nyingi kiko kati ya 1.5 na 1.55. Klia ya 1.5 ikilainishwa hadi ukamilifu ambao hakuna mkono wala mashine vitaufikia, itasoma 82 hivi kwenye nyuzi 20, basi. Ile ya 1.55 itafika 95. Dari hilo limewekwa na kemia ya klia siku gari lilipopakwa. Polishi inaweza kukurudisha karibu na dari, kulipandisha haiwezi. Wanaolinganisha magari mawili tofauti kwa namba ya kipima mng'ao, kisha wakampongeza fundi wa gari lililosoma juu, huenda wamempongeza mkemia wa kiwanda cha rangi.

Magari ya rangi ya fedha huvuruga mambo zaidi. Chembe za alumini zilizo chini ya klia nazo hurudisha mwanga kwa kipokezi, hivyo gari la fedha lenye mikwaruzo linaweza kusoma juu kuliko jeusi lisilo na kasoro, hata kupita 100. Gari hulinganishwa na lenyewe tu: kabla na baada.

Kwa nini pembe tatu?

Pembe hizi hupimwa kutoka kwenye mstari wima, kwa hiyo nyuzi 20 ni kutazama karibu kutoka juu na nyuzi 85 ni kuuinamia uso mpaka macho yakaribie kuugusa. Kawaida huanza na nyuzi 60. Ikisoma zaidi ya 70, uso unang'aa kiasi kwamba nyuzi 60 haitofautishi tena kizuri na kizuri zaidi, basi unahamia nyuzi 20. Ikisoma chini ya 10, uso ni mfifu, unahamia nyuzi 85. Karibu kila gari lililopigwa polishi ni kazi ya nyuzi 20.

Sababu yake inatokana na Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza. Kwa kanuni yake, uso huhesabika kuwa laini pale ambapo vilima na mabonde yake ni mafupi kuliko urefu wa wimbi la mwanga ukigawanywa kwa nane, tena ukigawanywa kwa kosaini ya pembe. Chukua mwanga wa kijani wa nanometa 550. Kwenye nyuzi 20 uso unatakiwa uwe na vilima visivyozidi nanometa 73. Kwenye nyuzi 85 unaruhusiwa hadi karibu nanometa 790, zaidi ya mara kumi. Ukuta mfifu kabisa ukiutazama kwa kuuegemeza shavu utaona unang'aa kuelekea dirishani. Na fundi anayemwonyesha mteja kazi yake akiwa amechuchumaa, macho yakiwa usawa wa boneti, amechagua pembe inayosamehe kila kitu. Simama wima, utazame chini.

Hizo nanometa 73 zinastahili kufikiriwa. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa mikroni 100 hivi, na mikroni moja ni nanometa 1,000. Mkono wenye kitambaa na kompaundi ya kusugulia unafanya kazi katika kipimo ambacho hadubini ya kawaida ya shuleni haiwezi kukionyesha.

Karatasi kabla ya magari

Kupima mng'ao hakukuanzia kwenye magari. Mwaka 1914 L. R. Ingersoll, Mmarekani, alieleza kifaa cha kupima mwako wa karatasi, maana karatasi inayong'aa mno huumiza macho ya msomaji. Alitumia nyuzi 57.5 na ujanja wa kutenganisha mwanga uliopolaishwa na uso na ule uliotawanyika ndani ya karatasi. Jambo lilienda mbali zaidi mwaka 1937, pale Richard S. Hunter, aliyekuwa katika taasisi ya viwango ya taifa ya Marekani, alipoandika kwamba kile tunachokiita mng'ao ni vitu sita. Kuna ukali wa mwanga unaoruka. Kuna mng'ao wa pembe ya chini. Kuna tofauti kati ya doa linalong'aa na pembeni yake. Kuna kukosekana kwa ukungu kuzunguka doa hilo. Kuna uwazi wa sura ya kitu kinachoakisiwa. Kuna usawa wa uso wenyewe. Miaka miwili baadaye, 1939, ASTM ilitoa kiwango D523, nacho kilishughulikia kitu kimoja kati ya sita: kile cha kwanza.

Vipima mng'ao vya bei nafuu vya leo bado hupima hicho kimoja. Mimi naona hapo ndipo mabishano mengi ya gereji yanapoanzia. Mmoja anashika namba, mwenzake anashika macho yake, na kila mmoja ana ushahidi.

Mikwaruzo ya duara ambayo haikuzunguka

Simama nyuma ya gari jeusi jioni, chini ya taa ya kituo cha mafuta. Utaona miduara ya mikwaruzo myembamba imelizunguka doa la taa, na lawama zitamwendea kijana aliyeosha kwa kuzungusha sponji. Sogea hatua mbili. Miduara imesogea pamoja na doa la taa.

Mikwaruzo hiyo imelala kila upande, mingine wima, mingine ya kukingama. Lakini mkwaruzo hukurudishia mwanga pale tu unapokuwa umekingama kwenye njia ya kutoka doa la taa kwenda ulipo mkwaruzo wenyewe. Mingine yote hutupa mwanga kwingine. Inayobaki kuonekana hujipanga kwa macho yako kama duara. Kuosha kwa mistari iliyonyooka kunasaidia kweli, kwa sababu mikwaruzo ya upande mmoja huonekana ukiwa mahali fulani tu, ila sponji yenye mchanga hukwaruza kwa vyovyote vile.

Hapo kipima mng'ao kinadanganyika kwa urahisi. Mikwaruzo hiyo ni myembamba sana na imeacha sehemu kubwa ya klia ikiwa nzima, kwa hiyo namba huweza kushuka yuniti chache tu huku mwenye gari akilia. Kwa upande mwingine, kuna mashine zinazoondoa mikwaruzo yote na kuacha ukungu mwembamba juu ya rangi. Ukungu huo hupimwa kwa kiwango kingine, ISO 13803, kinachotumia nyuzi 20 na kuangalia mwanga uliomwagika pembeni kidogo ya njia yake. Kifaa kisicho na sehemu hiyo huupita.

Halafu kuna ganda la chungwa, yale mawimbi ya rangi yanayofanya mstari wa paa la nyumba uonekane umekunjamana kwenye mlango. Mawimbi hayo ni mapana, kila kipande cha uso ni laini, na kipima mng'ao kinatoa alama za juu bila wasiwasi. Wanunuzi wa magari yaliyotumika kutoka Japani wanalijua tatizo hili kwa jina jingine. Karatasi ya mnada, ile inayotumwa Mombasa na Dar es Salaam pamoja na picha, huwa na mchoro wa gari wenye alama kama A1 kwa mkwaruzo mdogo na U1 kwa kibonyeo. Herufi W huwekwa palipotengenezwa na kupakwa rangi upya, ambapo uso una mawimbi: W1 huonekana kwa shida, W3 hauhitaji miwani. Mkaguzi wa mnada huiweka kwa jicho, na jicho lake linakamata kitu ambacho kipima mng'ao hakikioni.

Newton, Rayleigh na kipande cha kafuri

Kupiga polishi ni nini hasa? Swali linaonekana la kitoto, lakini liliwagawa wanasayansi kwa zaidi ya miaka 200. Isaac Newton, aliyejilainishia mwenyewe vioo vya darubini, aliandika katika Opticks mwaka 1704 kwamba polishi ni kusaga tu: unga laini unakwaruza, na mikwaruzo inazidi kuwa midogo mpaka jicho linashindwa kuiona. Mwaka 1901 Rayleigh alitoa mhadhara kuhusu polishi katika Royal Institution mjini London, akasema hapana, kulainisha ni jambo la namna nyingine. Kusaga hung'oa vipande, polishi huondoa vitu vidogo karibu sawa na molekuli. Kisha akaja George Beilby, mkemia wa Scotland, aliyeshawishika kwamba uso wa chuma hutiririka kama kimiminika chini ya kitambaa, ukafunika mashimo kwa ngozi nyembamba. Kitabu chake cha 1921 kilifanya ngozi hiyo iitwe kwa jina lake.

Jaribio lililobaki kichwani mwangu ni la F. P. Bowden na T. P. Hughes, Cambridge, mwaka 1937. Walitaka kujua kinachoamua nani amlainishe nani: ugumu, au joto la kuyeyuka? Wakachukua kafuri. Kafuri ni laini, unaikwaruza kwa ukucha, lakini inayeyuka kwenye nyuzijoto 178 hivi. Wakaisugua juu ya metali ya Wood, aloi inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 70 tu, na kafuri ikailainisha. Kwa metali zinazoyeyuka kwenye joto kubwa kuliko kafuri, haikufua dafu. Ugumu haukuwa na neno. Joto la msuguano kwenye vilele vidogo ndilo lililoamua.

Baadaye Leonard Samuels wa Australia alionyesha kwamba metali nyingi zilizolainishwa zina mikwaruzo midogo sana iliyokatwa hasa, kama Newton alivyosema. Leo wengi wanakubali kwamba kukata, kutiririka na kumenyeka hutokea kwa viwango tofauti kulingana na kitu, unga, kasi na joto. Kwa klia ya gari, ambayo ni plastiki iliyogandishwa kwa kemikali, kukata ndiko kunakotawala, ila joto linanyemelea. Fundi akibaki sehemu moja na mashine ya kasi, klia hulainika, pedi inaanza kunata na kuburuza, na ukingo wa mlango, ambapo klia ni nyembamba zaidi, unaungua hadi rangi. Wafanyakazi wa gereji hujua hilo kwa harufu kabla ya kulijua kwa jicho.

Watu wa pwani walikuwa wakisaga na kulainisha mbao bila maabara. Majani ya mti wa msasa, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus exasperata, ni makavu na yanakwaruza kiasi cha kutumiwa na maseremala. Misasa ya dukani ya namba 2000 na 3000, ile ya maji, inafanya kazi ileile kwa chembe zilizopimwa ukubwa.

Akiba ya mikroni arobaini

Rangi yote ya gari lililotoka kiwandani, kuanzia bati hadi klia, kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150. Ile ya kwanza inayozuia kutu, inayobandikwa kwa umeme bodi ikiwa imezamishwa kwenye beseni, ni mikroni 20 hivi. Praima ni 30 na ushee. Rangi yenyewe, ile unayoiita nyeupe au bluu, mara nyingi haizidi 20. Klia ni 40 hadi 50.

Polishi zote za maisha ya gari hutoka kwenye hizo 40. Tena si zote zinatumika. Klia imechanganywa na kemikali zinazomeza miale ya urujuanimno na nyingine zinazozima uharibifu unaoanzishwa na jua. Ukiipunguza unene umepunguza na kinga. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, boneti, paa na buti, yaani sehemu zinazolala kulikabili jua la adhuhuri, ndizo zinazoanza kubabuka. Gari lililokuja likiwa limeshapigwa polishi mara kadhaa ng'ambo, likapigwa tena bandarini lipendeze, linaingia barabarani na akiba ambayo mnunuzi hajaijua.

Kipo kifaa cha kuijua, nusu nusu. Kipima unene hutumia sumaku juu ya bati la chuma na mikondo ya umeme juu ya alumini. Kwa bampa za plastiki inabidi kutumia mawimbi ya sauti. Kinasoma jumla ya tabaka zote, hakisemi klia imebaki kiasi gani. Na vifaa vingi vya mkononi hukosea kwa mikroni mbili tatu, ambayo ni karibu sawa na polishi moja nyepesi. Matumizi yake bora kwa mnunuzi ni mengine: mlango mmoja ukisoma 110 na wa pili 260, wa pili umepakwa upya, ukisoma 900, chini kuna fila, na mtu aulizwe gari liligonga nini.

Bila kifaa, tazama kitambaa. Gari la kisasa lenye klia, hata liwe jekundu la damu, halipaswi kutoa rangi kwenye pedi. Likitoa, ama ni gari la zamani la rangi isiyo na klia, ama umeshaimaliza klia na mashine ni ya kuzimwa sasa hivi.

Magari ya kale yalikuwa na mambo tofauti. Ford T zilizotoka kati ya 1914 na 1925 zilikuwa nyeusi tu. Kisha rangi ya Duco ya DuPont, ya selulosi, ikaingia kwenye magari ya Oakland ya mwaka wa mauzo wa 1924, ikakata muda wa kupaka kutoka majuma hadi saa. Kasoro yake: ikikauka hubaki fifi. Kila gari lilisuguliwa lipate mng'ao, kwa hiyo polishi ilikuwa hatua ya kiwandani kabla haijawa biashara ya mtaani.

Mkono, mzunguko mmoja, mizunguko miwili

Sasa tulinganishe njia za kupiga polishi. Mkono hukata polepole na hautoi joto la kutisha, lakini shinikizo la vidole halilingani, kwa hiyo hubaki na mistari. Kwa pembe za vitasa na nyufa za taa bado ndio bora. Mashine ya mzunguko mmoja, ndugu wa damu wa grinda, hukata haraka kuliko zote, hasa ikivaa pedi ya sufu. Inaacha alama zake: michirizi ya mawimbi inayocheza juani kila ukisogea. Mashine ya mizunguko miwili huzungusha pedi na wakati huohuo huiyumbisha, kwa kawaida milimita 8, 15 au 21, hivyo hakuna chembe inayorudia njia yake. Inakata taratibu zaidi, inaacha uso safi, na inamsamehe mwanafunzi.

Kuna mafundi stadi wanaotoa kioo kwa mashine ya mzunguko mmoja, siwanyimi sifa. Lakini kwa gari la mtu lenye klia nisiyoijua unene, ningechagua mizunguko miwili na subira.

Ukitaka kupambanisha njia mbili kwa haki, bandika utepe katikati ya boneti moja. Pande hizo mbili zilipakwa siku moja na zimepigwa na jua moja. Safisha kioo cha rejea cha kipima mng'ao kabla ya kuanza, maana alama ya kidole juu yake huipotosha kazi yote. Pima sehemu kadhaa bapa, kwa sababu penye mkunjo mwanga hukimbia kipokezi na namba hushuka bila kosa la rangi. Kata kiolezo cha karatasi ngumu uweke kifaa palepale kila mara. Upande uliopigwa kwa mashine ya mzunguko mmoja pima kwa kufuata michirizi, kisha kwa kuikingama; namba mbili zikitofautiana, michirizi ipo hata kama jicho limechoka kuitafuta.

Halafu, kabla ya namba ya mwisho, pangusa kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji. Hatua hii wengi huiruka. Kompaundi nyingi zina mafuta, na baadhi ya polishi zimetiwa vijazio makusudi. Vinakaa ndani ya mikwaruzo kama maji ya ndoo yalivyokaa, na kipima mng'ao huvisoma kama uso laini. Tuseme upande wa kwanza umesoma 88 na wa pili 86. Baada ya spiriti wa kwanza umeshuka 81, wa pili umebaki 86. Wa kwanza ulikuwa umefichwa. Mwisho andika pembeni ya namba hizo mikroni zilizoondoka, kadiri kifaa kinavyoweza, kwani njia iliyoongeza yuniti 5 kwa mikroni 1 imeishinda ile iliyoongeza 6 kwa mikroni 6, hata kama mteja atalipia ya pili.

Vidokezo vya chapuchapu

Nta ya karnauba hutoka kwenye majani ya mti mmoja wa jamii ya mitende wa kaskazini-mashariki ya Brazili, nayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 82 hadi 86. Kipeo chake cha mpindo, 1.45 hivi, ni kidogo kuliko cha klia. Juu ya klia iliyokwisha kulainika haina mng'ao wa kuongeza kwa hesabu za kioo cheusi. Inasaidia pale penye mikwaruzo, na inafukuza maji.

"9H" inayoandikwa kwenye vichupa vya seramiki ni daraja la penseli. Hupimwa kwa kusukuma penseli juu ya uso, kuanzia laini za 6B kwenda juu. Haihusiani na ngazi ya madini ambayo namba 9 yake ni yakuti. Vumbi la barabarani lina kwatsi, iliyo ngazi ya 7 kwa madini, na halisomi maandishi ya kichupa.

Mwaka 2005 Nissan ilitangaza klia ya resini inayonyumbuka, ambayo mikwaruzo midogo ya kuoshwa hujirudi yenyewe kwa muda wa siku moja hadi wiki, kutegemea joto. Wa ufunguo haujirudi.

Wachoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam, tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza miaka ya mwisho ya 1960, walitumia rangi za enameli za baiskeli juu ya mbao za dari. Rangi zao zinang'aa kwa sababu zilibuniwa kuvumilia barabara.

Watafiti wa Japani na Marekani, akiwemo Edward Adelson wa MIT, waliandika katika jarida la Nature mwaka 2007 kwamba picha ya uso unaong'aa huwa na madoa machache yenye mwanga mkali katikati ya eneo kubwa la giza, na ubongo huenda unasoma mpangilio huo. Wengine wamelipinga wazo hilo, wakisema mahali doa lilipo nako kuna uzito. Lakini linalingana na jambo ambalo kila muosha magari anajua: gari jeusi hutangaza kila mkwaruzo, jeupe huuficha, ingawa klia ni ileile na kipima mng'ao kinaweza kutoa namba ileile.

Mwaka 2019 BMW ilionyesha Frankfurt gari la X6 lililopakwa aina ya Vantablack inayomeza karibu asilimia 99 ya mwanga. Mikunjo ya bodi ikapotea, gari likaonekana bapa kama kivuli. Ile asilimia 4 inayorudi kwenye uso wa gari la kawaida ndiyo inayoliambia jicho mlango unapinda wapi.

Na gari lenye rangi fifi ya kiwandani halipigwi polishi hata kidogo. Ufifi wake unatokana na vilima vidogo vilivyowekwa makusudi ndani ya klia, mara nyingi kwa chembe za silika. Kitambaa chenye kompaundi, hata kwa dakika moja juu ya doa la kinyesi cha ndege, huvisawazisha na kuacha kiraka kinachong'aa. Hakuna mashine inayoweza kuvirudisha. Paneli nzima hupelekwa kwa fundi rangi ikapakwe upya.